Kipanya Kilichogeuzwa

Kila siku akitoka shule, Ugbad alipitia dukani kwa shangazi yake Kaaha, hapo mjini Garissa. Lilikuwa duka la kuchapa kazi za watu, lenye kompyuta moja tu, nayo ilitunzwa kama mboni ya jicho.

Alasiri hiyo alikuta mambo yamechacha. Surua ilikuwa imezuka katika kijiji cha Hadado, gari la chanjo linanguruma nje, na bango la kuwaita akina mama walete watoto bado halijakamilika. Dereva alikuwa anapiga honi bila huruma.

"Ya Allah! Nabonyeza hiki, kinafunguka kile!" Kaaha alifoka. Alizungusha kigurudumu cha kipanya ili ashuke chini ya ukurasa. Wapi! Picha ya mtoto kwenye bango ikavimba hadi pua ikajaa kioo kizima. "Saynab! Wewe ndiye uliyekaa hapa jana. Umeniharibia mashine!"

"Wallahi, dada, sikugusa kitu," alijibu Saynab, mfanyakazi wake, machozi yakimlengalenga.

"Basi ni jini? Chukua mkoba wako uende. Usirudi tena!"

Ugbad alijua ukweli. Aliyeigusa ni yeye! Jana, wanawake hao wawili walipokwenda kuswali, alikaa kuchora ngamia. Ugbad alikuwa wa mkono wa kushoto, na nyumbani akishika hata kikombe kwa mkono huo, hukemewa. Kwa hiyo alikihamisha kipanya upande wa kushoto kwa siri, akabadilisha kazi za vitufe, kisha akakiamuru kigurudumu kikuze picha badala ya kusogeza ukurasa. Aliposikia viatu mlangoni alikirudisha kipanya mahali pake upesi, lakini mipangilio akaisahau.

Nimwambie? Atanichapa! Lakini Saynab alikuwa tayari ameshika mkoba, na nje gari lilianza kurudi nyuma.

"Eddo, shangazi yangu, ni mimi!" Ugbad alipaza sauti. "Niligeuza vitufe nitumie mkono wa kushoto. Nisamehe!"

Kaaha alimtazama, kisha akainuka kitini.

"Awil, ngoja kidogo!" alimwita dereva. "Na wewe, keti. Rekebisha, kwa mkono wowote unaoujua."

Ugbad alifungua mipangilio na kurudisha kila kitu. Kaaha akalimalizia bango, na muda si muda nakala zikatoka zikiwa bado na joto, na gari likashika njia ya Hadado.

Kaaha alimgeukia Saynab kwanza. "Nimekudhulumu, ndugu yangu. Nisamehe." Kisha akamshika Ugbad bega.

"Chakula tunakula kwa mkono wa kulia, hiyo ndiyo adabu yetu. Kipanya si chakula, kishike utakavyo. Ila chombo cha watu ukikigeuza, sema. Mkono wa kushoto si aibu, mwanangu. Aibu ni kunyamaza huku mwenzako akifukuzwa kwa kosa lako."