Boga na Matufaha kwa Mamkwe

Boga lilikuwa limebaki moja tu kwenye rafu, na watu wawili walilishika kwa wakati mmoja.

Zilikuwa zimesalia siku mbili kabla ya sikukuu, na duka lile kubwa lilifurika watu kama siafu. Vikapu viligongana na akina mama walinyoosheana viwiko. Mshika boga wa kwanza alikuwa fundi miwani, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwembamba, aliyetoka kazini na koti lake jeupe bado mwilini. Wa pili alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu na alama ya grisi shavuni, kama mtu aliyepakwa wanja mahali pasipo pake.

"Dada, nimelitangulia," alisema mwanamume.

"Kaka, macho ndiyo kazi yangu. Mkono wako umekuta wangu umeshapiga kambi."

"Haya, unalifanyia nini?"

"Naoka na matufaha. Na wewe?"

"Mimi nimetumwa na mama. Hata sijui juu yake ni wapi na chini ni wapi."

Fundi miwani alicheka mpaka watu wakageuka. Yule bwana aliliachia boga, lakini kwa sharti: apewe namba ya simu, ajue limeivaje.

Alipiga siku ya sikukuu yenyewe. Akapiga na kesho yake, boga lilipokuwa limeshaliwa lote na hakuna cha kuulizia. Damu zao zilipatana. Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti, na alikuwa akipiga simu kutoka kwenye mapaa ya majengo.

"Uko wapi, Miwani wangu?"

"Niko chini huku na watu wenye akili. Wewe?"

"Niko ghorofa ya kumi na moja. Naona mji mzima, na sioni mwingine ila wewe."

"Basi njoo nikupime, laazizi. Hayo macho yana kasoro."

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Lakini fundi miwani alikuwa na kovu lake. Miaka minne nyuma alivishwa pete na mwanamume ambaye, kumbe, alikuwa na mke na mtoto mtaa wa tatu kutoka hapo. Alizijua habari kwa kusikia simu isiyomhusu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye, hata alipopenda tena, sikio moja lilibaki macho.

Sikukuu ya pili ikafika, na fundi lifti akamwalika kwa mama yake. "Zamu si yangu mwaka huu," alimwambia. "Siku nzima ni yako. Na nina neno la kusema mezani."

Fundi miwani alivaa gauni la zambarau lililombana kiunoni, na alipofika jikoni akafunga aproni ya mamkwe mtarajiwa juu yake. Mamkwe alikuwa mjane mfupi, mnene, mwenye ulimi mkali kama kisu kipya. Alivuta kiti mlangoni mwa jiko akakaa kama msimamizi wa mtihani.

"Binti, boga huwa tunachemsha."

"Nitalioka, Mama. Utaniambia."

Alilipasua lile boga gumu kwa kisu kizito, akakomba mbegu kwa kijiko, akalimenya na kulikata vipande vya unene wa kidole. Matufaha aliyaacha na maganda yake mekundu, akatoa mioyo tu. Akapanga boga, tufaha, boga, tufaha, akamwagia siagi iliyoyeyushwa na sukari ya kahawia, mdalasini, maji ya limau na chumvi kiduchu.

"Chumvi kwenye kitu kitamu?" mamkwe aliuliza.

"Ndiyo inayouamsha utamu, Mama."

Mamkwe aliinuka, akachovya kidole kwenye trei, akakilamba. Kwa mamkwe, hilo lilikuwa pongezi.

Trei iliingia ndani ya oveni, imefunikwa kwa karatasi ya foili. Fundi miwani alinawa mikono, akatoka kumtafuta mpenzi wake kwenye roshani. Alimkuta ameinama, amempa mgongo, simu sikioni.

"Usilie, mama. Nisikilize mimi, usilie. Siwezi kukuacha wewe na mtoto. Nakuja sasa hivi."

Fundi lifti aligeuka, akamwona, akampapasa bega huku ameshashika viatu na ovaroli. "Kazi, mpenzi. Narudi mara moja." Na mlango ukafungwa.

Kazi gani, na zamu si yake? Mama gani, na mtoto gani? Fundi miwani alisimama pale roshanini akiutazama mtaa, na miaka minne yote ikamrudia kwa mpigo mmoja. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti. Mamkwe alikuwa chumbani akibadilisha nguo. Fundi miwani aliondoka bila kuaga.

Nyumbani kwake aliketi kitandani na viatu vyake. Simu ikalia, akaiacha. Ikalia tena. Alipotazama, hakuwa mpenzi wake, alikuwa mamkwe.

"Binti! Umeniachia boga ndani ya oveni kisha umetoweka. Nalitoa au nalizika?"

Hata mwenye hasira hawezi kuliacha boga liungue. "Ondoa foili, Mama. Liache robo saa nyingine, mpaka kingo zipige rangi na mchuzi uwe mzito kama asali."

"Nimeondoa. Lo! Harufu hii!" Ukasikika mlango wa oveni ukifungwa. "Sasa niambie. Nani kakuudhi? Kama ni mimi, sema. Huwa sijui ninapomuudhi mtu."

Machozi yakamshinda. Akamweleza yote aliyoyasikia.

"Mtoto?" mamkwe alimaka. "Mwanangu ana mtoto nisiyemjua mimi? Angekuwa naye, ningeshamhesabia meno! Binti, ni mama mjamzito. Amekwama kwenye lifti ya lile jengo la kijivu nyuma yetu, na uchungu umemwanza. Fundi wa zamu yuko ng'ambo ya mji, basi mlinzi kampigia mwanangu kwa kuwa yuko karibu, akampa namba ya huyo mama. Alinipigia simu akiwa kwenye ngazi." Sauti ya mamkwe ikashuka, ikawa ya mtu mwingine. "Dakika arobaini sasa. Simu yake haipatikani. Na mlinzi anasema lifti imeteremka kidogo kwa kishindo, mwanangu akiwa ndani."

Fundi miwani hakukumbuka alivyofika. Alikumbuka ngazi tu: alizipanda na gauni lake limekunjwa mkononi, viatu mkono mwingine, mpaka ghorofa ya saba, ambako watu walisimama mbele ya milango iliyopanuliwa kwa vyuma. Fundi wa zamu alikuwa ameshawasili na yuko juu kwenye mitambo. Lifti ilikuwa inashushwa kwa mkono, shibiri kwa shibiri. Kwanza ulionekana ukingo wa sakafu yake. Kisha miguu. Kisha ovaroli ya buluu.

Mama mjamzito alitolewa kwanza, akilia na kucheka, akapokewa na wakunga wawili waliokuwa wakimsubiri na machela. "Kaka huyu kanishika mkono muda wote," aliwaambia. "Kapita juu ya paa la lifti akanifuata. Nimemng'ata na hakusema kitu!"

Fundi lifti alitoka wa mwisho, jasho likimtiririka. Alimwona mpenzi wake, peku, nywele timutimu, akihema.

"Nani kakwambia?"

"Mama yako." Akamrukia shingoni, akamkumbatia kwa nguvu kama mtu anayezama. Roho ikarudi mahali pake. Ndipo akamwambia, palepale, maana jambo kama lile likilala huoza: alichosikia, alichodhani, na kwamba aliondoka.

Fundi lifti aliketi kwenye ngazi. Uso wake ulijaa uchungu, na hakuuficha. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Na mimi nilikimbia bila kueleza. Nusu ya kosa ni yangu." Akaufuta mkono wake kwenye ovaroli. "Lakini mara nyingine niulize, Miwani. Hata ukiwa unatetemeka. Nipigie kelele ukitaka."

"Nitauliza."

"Basi na mimi nina swali. Nilipanga kulisema mezani, nimeoga, nimevaa shati. Utaolewa na mimi?"

"Ndiyo," alisema, kabla hajamaliza. "Ndiyo. Ila tushuke kwa ngazi."

Chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, mamkwe alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlinzi, na trei mapajani juu ya taulo. Alikuja nayo mtaa mzima, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake. Alimtazama mwanawe kutoka kichwani hadi miguuni, akamgusa uso mara moja kuhakikisha, kisha akageuka haraka na kuanza kupakua.

Kipande cha kwanza alimpa fundi miwani. Boga lilikuwa laini mpaka likakatika kwa uma bila kubanwa, tufaha lilikuwa na uchachu wake chini ya sukari.

"Kaa, mwanangu, ule," alisema mamkwe. "Mengine mtaniambia mkishiba."

Fundi miwani alikaa sakafuni, mgongo wake kwenye goti la mpenzi wake, akala huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwambia ayafute.