Jino Lililongoja Dhahabu

Kila jioni Wegesa alisonga ugali wa mtama, akala na watoto, kisha akafunika sahani ya mumewe. Mumewe, Mogesi, alikuwa Genkuru kwenye mashimo ya dhahabu. Miaka ile wanaume wengi wa kijiji chao cha Nyamwaga walikimbilia huko. Asubuhi ugali ulikuwa umekauka, na Wegesa aliwapa kuku. Majirani walimcheka. Wacheke tu! Alimkumbuka mno mumewe, na kufunika ile sahani kulimpa moyo.

Siku moja Mogesi alirudi. Wegesa alimkimbilia, kisha akasimama ghafla. Shavu la mumewe lilikuwa limevimba.

"Baba Rhobi, si lile jino ulilotibiwa mzizi?"

"Ndilo. Walionitibu walinidanganya. Kesho naling'oa."

"Ulirudi kuwekewa kofia ya kulifunika jino, kama ulivyoambiwa?"

Mogesi akatazama chini. "Nilingoja nipate dhahabu yangu mwenyewe. Nilitaka kofia ya dhahabu. Nikicheka, ujue sikukuacha hapa bure."

Wegesa hakujua acheke au alie.

Kesho yake walikwenda Bomani, Tarime mjini. Daktari wa meno, Adoyo, alimsikiliza Mogesi akilalamika kwamba alidanganywa, kisha akalipiga jino picha.

"Hukudanganywa, mzee," alisema. "Mizizi ilisafishwa. Lakini juu uliwekewa kiraka cha muda tu, nacho kimepasuka. Mate yamepita hapo na kuingiza vijidudu mpaka ndani ya mizizi. Sasa kuna usaha."

"Mbona halikuuma muda wote huo?"

"Mshipa wake wa maumivu ulishatolewa. Jino kama hilo huharibika kimya kimya."

Wegesa akamgeukia mumewe. "Mimi nafunika ugali wako kila jioni, wewe jino lako umeliacha wazi!"

Adoyo akacheka. "Mama amesema yote."

"Basi ling'oe," alisema Mogesi.

"Naweza. Lakini utabaki na pengo, labda uweke jino la bandia. Hili mizizi yake haijapasuka, kwa hiyo tunaweza kulitibu upya. Nitakuchoma ganzi, nitoe dawa ya zamani, nisafishe tena. Nitatafuta pia kama kuna njia nyembamba ndani ya mzizi iliyoachwa bila kusafishwa. Hiyo nayo huharibu matibabu ya wengi. Tukishindwa, kuna upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi. Ila safari hii urudi kila nitakapokuita, na kofia uwekewe mapema."

"Ya dhahabu?"

"Ya kawaida inatosha, mradi izibe vizuri."

Wegesa alisema taratibu, "Daktari, dhahabu siitaki. Namtaka mwenye jino."

Mogesi akakubali litibiwe. Hakurudi Genkuru. Alilima migomba yake, na kila alipoitwa Bomani alikwenda. Uvimbe uliisha. Jino likawekewa kofia yake.

Jioni moja alitafuna hindi la kuchoma kwa upande ule ule, akala ugali, akasukuma sahani mbele.

"Mama Rhobi, niongeze."

Wegesa akakwangua sufuria yote. Asubuhi kuku walikuja mlangoni kama kawaida yao, wakakuta hakuna kitu.