Damu Aliyoificha Mwanakombo

Kila Jumatatu, kabla ya kwenda shamba la shule, Mwanakombo alipita zahanati kuchukua vidonge vya pumu. Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa kando ya mto Ruvuma, na watoto walizoea kukatiza kwenye maji ya mashamba ya mpunga wakienda kupalilia.

Jumatatu moja Nesi Yustina aliwapa yeye na rafiki yake Carlota vichupa. "Napima mkojo wanafunzi wote wakubwa. Na wewe wa pumu usidhani umesamehewa! Ukiumwa kifua, huko kwingine nako kunaweza kuumwa. Haya, nani anakojoa damu?"

"Hakuna, nesi," Mwanakombo alijibu upesi.

Alidanganya. Alikuwa akikojoa damu muda mrefu, tena kwa maumivu. Lakini alipochezwa unyago, kungwi wake alimwonya kwamba damu ya mwanamke haitajwi mbele za watu. Maskini, alidhani ndiyo hiyo! Walipokwisha kujaza vichupa, Carlota alikwenda kunawa mikono; Mwanakombo akabadilisha vijikaratasi vya majina vilivyobandikwa juu yake, akavikabidhi vichupa mwenyewe.

Kesho yake Carlota aliambiwa ana kichocho. Alimeza dawa, akatapika mpaka akalegea. Mama yake akamfokea kwa kuficha ugonjwa.

"Sijaficha kitu, mama! Haki ya Mungu!" Carlota alilia.

Mwanakombo alisikia yote, roho ikamsuta. Carlota alipoitwa kumeza dawa tena, Mwanakombo alishindwa kuvumilia, akakimbilia zahanati.

"Nesi, usimpe! Mkojo ule ni wangu. Nimemwonea Carlota."

"Lahaula! Kumbe namnywesha dawa asiyeumwa?" Nesi Yustina aliviweka vidonge mezani.

Carlota alimkazia macho. "Yaani nimetapika kwa ajili yako?"

"Nisamehe, mwenzangu. Nimekukosea sana."

Carlota alivisogeza mbali vile vidonge. "Na wewe bado inakuuma?"

"Inauma. Nilidhani ni ile damu ya mwanamke, kungwi aliyosema haitajwi."

Carlota akasogea kwenye benchi, akampisha akae.

"Hiyo si hedhi, mwanangu," nesi alisema. "Kichocho hukaa kwenye maji mnayokatiza. Kinatibika, ila mwenye pumu huchaguliwa dawa yake. Ningejuaje, nawe umenificha?"

Mwanakombo alitibiwa taratibu. Alipopimwa tena, mkojo ulikuwa safi.

"Kungwi alikufunza heshima, hakukwambia uugue kimyakimya," Nesi Yustina alimwambia. "Mwili ukikuuma popote, mwambie mama, kungwi au mimi. Na aibu yako usimtwishe mwenzako tena."