Jikaze, Aron!

Ndugu zangu, boma la Aron na Chepkemboi kule karibu na Chepilat lilikuwa la kuonewa wivu. Ng'ombe walitoa maziwa, majani chai yalichumwa mapema, na binti yao mdogo Fancy alibebwa mabegani na babake hadi kituo cha kuuzia majani, akiimba njia nzima. Nani angejua tope tu lingevuruga raha hiyo?

Mvua za 1996 zilimkuta Aron akiteremka na gunia la majani mgongoni. Akateleza, goti likapinduka. Alifanyiwa upasuaji hospitalini, akafundishwa zoezi moja la kufanya nyumbani: anyooshe mguu, akaze msuli wa paja. Bila msuli huo, goti lisingemshikilia.

Basi wageni wakaja. Kila aliyekaribishwa chai alimwambia, "Jikaze, Aron. Wewe ni mwanaume." Na Aron, aliyetahiriwa bila kupepesa jicho, angeshindwaje kujikaza? Kila asubuhi alinyoosha mguu, akauma meno, akakunja ngumi, jasho likamtoka, akaridhika kuwa amefanya zoezi. Paja likazidi kukonda. Maumivu hakuyataja, hata kwa mkewe.

Siku moja alimbeba Fancy mabegani kama zamani. Goti likalegea, wakaanguka wote wawili. Mtoto alipasuka paji la uso, na tangu siku hiyo akaogopa kubebwa na babake. Hilo lilimuuma Aron kuliko goti lenyewe.

Chepkemboi hakungoja tena ushauri wa wageni. Alimrudisha hospitalini, kwa Kemuma, mama Mkisii aliyefundisha wagonjwa mazoezi. Kemuma alimbandika Aron vibandiko pajani, vyenye nyaya zilizoingia kwenye kisanduku.

"Msuli ukifanya kazi, taa zitawaka na kitalia," alisema. "Haya, kaza paja."

Aron akauma meno. Kimya. Akakunja ngumi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Hakuna hata taa moja.

"Daktari, hii mashine imeharibika."

Kemuma hakubishana. Alivibandua vibandiko, akambandika shavuni. "Kaza tena vile ulikuwa unakaza."

Kisanduku kikapiga kelele, taa zote zikawaka!

Chepkemboi alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Fancy! Kumbe hii miezi yote ulikuwa unafanyisha taya mazoezi?"

"Sikukwambia ujikaze," Kemuma alisema, akirudisha vibandiko pajani. "Nilisema kaza paja. Legeza meno. Fungua mikono, pumua. Na ikiuma, sema."

Aron alifungua ngumi. "Inauma," alisema polepole. "Inauma sana, mama."

Akapumua, akajaribu tena. Taa moja ikawaka. Chepkemboi, aliyekuwa akicheka, sasa akafuta machozi.

Waliendelea kwenda kliniki hadi taa zote zikawaka na paja likajaa. Kisha jioni moja Fancy akamvuta babake shati. "Baba, beba mimi." Aron alimbeba mpaka kwenye geti na kurudi, na goti halikutikisika. Jamani, nyumba ile ilishusha pumzi!

Funzo

Tuache kuwanyamazisha wagonjwa wetu kwa neno "jikaze". Anayeficha maumivu hujinyima dawa, na walio karibu naye ndio huumia. Tumuulize anaumwa wapi, tufuate alivyoelekezwa na wanaojua. Uanaume ni mzuri, lakini meno hayabebi mtoto.