Kile Alichofichwa Babu Bura

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Fabiola alimpelekea babu yake uji. Ukungu ulikuwa bado umetanda juu ya mashamba ya kijiji cha Tlawi, na baridi ilipenya hata ndani ya sweta. Babu Bura aliketi karibu na moto, blanketi mabegani. Alimeza mafunda machache tu, kisha akakirudisha kikombe.

"Shikamoo, babu. Umeamkaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo tumbo limetulia kidogo. Nikipona, nitakwenda Hirbadaw kumwona Tomaso."

Tomaso alikuwa mdogo wake. Zamani waligombania ng'ombe wa urithi, Tomaso akahamia Hirbadaw, na tangu hapo ndugu hao hawakusalimiana tena. Sasa babu alilitaja jina lake kila siku.

Fabiola alikichukua kikombe, akaenda shule. Alijua kwamba babu hatapona. Alikuwa amemsikia baba yake, Modest, akimweleza mama aliporudi na babu kutoka hospitalini: ni kansa ya tumbo, imeshasambaa, daktari amesema mzee atunzwe nyumbani. Baadaye baba aliwaita watoto wote. "Babu ana vidonda vya tumbo," aliwaambia. "Asitokee mtu wa kumwambia jambo jingine."

Shuleni kwao kulikuwa na walimu wawili wa kujitolea. Mwalimu Greta, aliyetoka Ujerumani, alifundisha Kiingereza. Mwalimu Yumiko, aliyetoka Japani, alifundisha hisabati. Wanafunzi walipenda kuwalinganisha. Greta alitaka umtazame machoni unapozungumza naye, na ukimwambia hujaelewa alifurahi. Yumiko aliinamisha kichwa kumsalimia hata mtoto wa darasa la kwanza, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "hapana". Alisema "labda", nawe ukajua mwenyewe.

"Yule wa Japani ana heshima kama sisi," alisema Baltazar, aliyekaa dawati moja na Fabiola. "Huyu wa Ulaya anasema kila kitu."

Mchana ule Fabiola aliwakuta walimu hao wakisahihisha madaftari nje ya ofisi, wakiota jua. Akawasalimia, akasimama.

"Naomba kuuliza. Kwenu, mtu akiwa na ugonjwa usiopona, huwa anaambiwa?"

"Anaambiwa, tena yeye wa kwanza," alijibu Greta papo hapo. "Mwili ni wake. Maisha ni yake."

Yumiko alilifunga daftari lililokuwa mbele yake. "Kwetu siku hizi wengi wanaambiwa," alisema. "Lakini bibi yangu hakuambiwa. Familia iliona hiyo ndiyo huruma. Tulicheka mbele yake, tukaenda kulia bafuni. Nafikiri alijua, naye akanyamaza ili sisi tusihuzunike. Siku ya mwisho alinishika mkono, akafungua mdomo, kisha akaniuliza kama nimekula. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini."

Greta aliweka kalamu chini. "Baba yangu aliambiwa," alisema polepole. "Aliambiwa akiwa peke yake, akarudi nyumbani peke yake. Sisi watoto wake alitueleza baadaye sana. Hata hilo halikuwa jema." Kisha akamtazama Fabiola. "Nani anaumwa?"

"Babu."

"Basi mwambie..."

Yumiko alimgusa Greta mkono. "Huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Fabiola, zungumza na baba yako."

Jioni Fabiola alimfuata baba zizini, akamweleza waliyosema walimu. Modest alimsikiliza, uso ukamkunjamana.

"Hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi hatumwambii mzee kwamba anakufa. Unataka nimuue kwa maneno?"

"Lakini baba, anangoja kupona ndipo aende kwa babu Tomaso."

"Nimesema basi!"

Fabiola hakulitaja tena jambo hilo. Maharage yakakomaa, yakang'olewa, yakapigwa, na babu akazidi kukonda. Jumamosi moja alimwomba Fabiola amletee koti lake la kwendea kanisani. Alitaka lifuliwe mapema kwa ajili ya safari. Fabiola alilishika lile koti, akamtazama babu. Mabega yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Machozi yakamtoka kabla hajageuka.

"Unalia nini?"

"Babu, usingoje kupona," alisema kwa kwikwi. "Muulize baba."

Babu alilichukua koti, akaliweka magotini. "Mwite," alisema.

Modest aliingia akiwa na matope kwenye viatu.

"Modest, hivi ni vidonda gani visivyosikia dawa?"

Modest aliangalia moto. Kisha akapiga magoti kando ya kigoda cha baba yake. "Si vidonda, baba. Ni kansa. Tulikuficha."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kupanda maharage."

Babu alilitupa blanketi chini. "Nimekaa hapa napanga safari, nanyi mnanitazama tu! Mimi nimekuwa mtoto mdogo?" Hasira ilipompungua, alisema kwa sauti ndogo, "Mpigieni Tomaso simu. Mwambieni mimi siwezi tena kwenda."

Tomaso aliahidi kuja, lakini mvua iliharibu barabara, na hakufika kesho yake wala keshokutwa. Alipoingia hatimaye, akiwa amelowa, babu alikuwa hawezi kuinuka kitandani. Tomaso alivua kofia.

"Shikamoo, kaka."

Midomo ya babu ilicheza. Tomaso aliinama hadi sikio lake likakaribia kinywa cha kaka yake. "Wale ng'ombe," alinong'ona babu. "Nilikosea mimi." Alitaka kuendelea, lakini pumzi haikutosha. Tomaso akaushika mkono wake, akakaa hivyo hivyo. Alfajiri babu Bura akafariki.

Baada ya mazishi, Tomaso alimuuliza Modest, "Mlijua tangu lini?" Modest alipomjibu, mzee yule aliinuka. Alitoka nje, akaketi peke yake kando ya ukuta, akiwapa watu mgongo.

Modest alimwona, akamwita Fabiola.

"Nilikukemea bure, mwanangu," alisema. "Nilidai ni mambo ya Wazungu. Kumbe niliogopa kumwona baba akihuzunika, nikasema ni desturi yetu. Wale ndugu wangekaa pamoja msimu mzima. Mimi nimewapa usiku mmoja."

Alifuta macho kwa kiganja.

"Kumheshimu mzee ni kumwambia ukweli wa maisha yake, na kuketi naye unapomwambia, asiubebe peke yake. Watu wa Ulaya na wa Japani wana desturi zao, nasi tuna zetu. Chukua iliyo njema popote uionapo. Lakini usitumie desturi yoyote kuficha woga wako, kama nilivyofanya mimi."

Kisha akatoka nje, akaketi chini karibu na baba yake mdogo, akaanza kumwomba msamaha.