Kamba Iliyolala Karakanani

Kila alasiri, akitoka shule, Upepo alibadilisha nguo, akanywa maji, kisha akashika ufagio na kwenda kufagia karakana ya mjomba wake. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Humo mjomba alitengeneza betri za magari na pikipiki, na harufu kali ya maji ya betri haikuisha hata madirisha yakiwa wazi. Mjomba hakuwa mtu wa amri nyingi. Aliyokuwa nayo ni moja tu: "Fagia utakapo, mwanangu, ila chini ya meza ya betri usiweke kitu chako chochote."

Jina la Upepo alipewa na wenzake kwa sababu ya mbio zake. Lakini kuzunguka uwanja wa shule kulikuwa kumemchosha. Siku moja aliona picha za vijana wakikimbia msituni, wakiendesha baiskeli matopeni, wakipiga makasia na kupanda miamba, yote katika shindano moja. Tangu siku hiyo hakutaka mchezo mwingine. Alimuuliza kila mtu mahali unapofundishwa. Muuza baiskeli hakujua. Kwenye duka la vifaa vya michezo walimwonyesha kofia ngumu na viatu vya miambani. Akasoma bei, akashukuru, akatoka polepole.

Aliyemsaidia ni mwalimu wa michezo. Alitumia mapumziko yake ya mchana kupiga simu huku na huku, chai yake ikipoa mezani, hadi akapata klabu ndogo iliyofanya mazoezi kila Jumamosi kwenye mwamba mmoja nje ya mji. Aliyeiongoza ni mwanamke wa kikosi cha zimamoto, ambaye watoto wote walimwita Kocha.

"Vifaa visikutie wasiwasi," Kocha alimwambia siku ya kwanza, akimfunga kofia kidevuni kwa uangalifu ili isimbane. "Hapa tunaazimana. Lakini tunavitunza kwa zamu, na anayetunza anajibu."

Kujibu kwenyewe kulikuwa desturi ya klabu. Kila wiki mwanachama mmoja alichukua kamba ndefu ya kupandia akalale nayo nyumbani na kufanya mazoezi ya mafundo. Jumamosi, kabla ya mtu yeyote kupanda, Kocha aliuliza kwa sauti, "Kamba imelala wapi?" Mtunzaji alitakiwa kusimama mbele ya wote na kujibu, "Imelala pakavu, haikukanyagwa, haikumwagikiwa kitu." Bila jibu hilo hakuna mguu ulioondoka chini.

Zamu ya Upepo ilifika wiki mbili kabla ya shindano. Alirudi na kamba begani akijiona mrefu kama mlingoti. Nyumbani, kitandani alilala na wadogo zake wawili, na kabati lilikuwa limejaa. Akaangalia huku na kule. Kwa usiku mmoja tu, akajiambia, akaiingiza chini ya meza ya betri.

Asubuhi alipoivuta kwa haraka, kamba ilikwama kwenye mguu wa meza. Meza ikatikisika. Kidumu kilichokuwa juu yake kikainama, na maji ya betri yakamwagika juu ya mikunjo ya kamba.

Upepo alikiinua kidumu haraka. Kisha akakimbiza kamba bombani, akaisugua kwa sabuni, akaisuuza, akaianika. Jioni ilikuwa imekauka. Aliipitisha mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho. Haikuwa na tundu wala doa. Ila pale ilipomwagikiwa ilikuwa ngumu kidogo.

"Mjomba," aliuliza wakati wa kula, akijifanya anatafuta kitu kwenye sahani, "maji ya betri yakimwagikia nguo, halafu ikafuliwa vizuri, inapona?"

Mjomba akacheka. "Maji hayo ni mwizi mstaarabu. Suruali yangu ya bluu niliifua, nikaipiga pasi, nikaivaa kwenda kwenye kikao. Nilipoketi tu, paa, ikachanika nyuma! Nikasimama kikao kizima nimeegemea ukuta kama bango." Kisha akamtazama. "Kwa nini? Umemwagikiwa? Nionyeshe mikono."

"Hapana, mjomba. Nauliza tu."

Mjomba aligeuza viganja vya Upepo akavikagua hata hivyo, akaridhika, akamwongezea mboga.

Wiki ile Upepo hakulala vizuri. Alijua alichopaswa kusema. Lakini klabu ilikuwa na kamba ndefu moja, na sheria ya shindano ilikuwa kwamba timu isiyo na kamba yake haianzi. Akisema, shindano limekwisha. Labda na klabu pia, kwa upande wake. Angemtafuta nani tena? Akawa anajipa moyo: imefuliwa, imekauka, haina tundu. Kisha anaiona suruali ya bluu.

Jumamosi walikutana chini ya mwamba. Mwalimu wa michezo alikuwa amekuja kusaidia. Timu ilikuwa ya watatu: Upepo mwenyewe, mvulana aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwahi kuzimika, na Sindano, rafiki mkubwa wa Upepo, msichana mwembamba aliyependa kusema kuwa mvua humkosa.

"Tazameni kamba ilivyong'aa," Kocha alisema. "Huyu ameifua kabisa. Asante, mwanangu."

Asante hiyo ilimchoma kuliko kofi. Kocha na mwalimu wakapanda kwa njia ya nyuma, wakaipitisha kamba kwenye pete za chuma zilizokuwa kileleni, wakarudi. Sindano akafungwa kiunoni, akakaguliwa. Kocha akashika upande wa pili.

"Kamba imelala wapi?"

Wote wakamgeukia Upepo.

"Imelala pakavu," alisema. "Haikukanyagwa. Haiku... haikumwagikiwa kitu."

"Eh, sauti umeiacha nyumbani?" Redio akadakia. "Sema watu wasikie!"

Wakacheka. Upepo akarudia kwa nguvu, maneno yote, akitazama viatu vyao.

Sindano akaanza kupanda. Alipanda vizuri, mkono huku, mguu kule, akizungumza na mwamba kama mtu anayembembeleza mbuzi. Akapita kimo cha nyumba. Akapita vilele vya miti midogo. Upepo hakumtazama Sindano. Aliitazama kamba, akitafuta ile sehemu ngumu. Akaiona. Ilikuwa imevuka pete na ilikuwa inashuka upande wa Kocha, imekazwa.

"Kocha, nimechoka," Sindano akaita kutoka juu. "Nikae kwenye kamba nipumzike?"

"Kaa, nimekushika."

"Simama!" Upepo akapiga kelele. "Usikae! Sindano, usikae! Kamba imemwagikiwa maji ya betri! Nimedanganya! Usiiegemee!"

Hakuna aliyecheka. Uso wa Kocha ulibadilika, lakini sauti yake haikubadilika.

"Sindano, mama, nisikilize. Kumbatia mwamba. Miguu yako iko wapi?"

"Kwenye... kwenye kibao cha jiwe."

"Kinatosha miguu yote miwili?"

"Kinatosha. Kocha, miguu inatetemeka!"

"Iache itetemeke, mradi isiondoke. Mwalimu anashika kamba hii, lakini wewe ujifanye haipo. Mimi nakuja juu yako."

Akachukua kamba fupi ya akiba mfukoni mwa vifaa, akapotea kwa njia ya nyuma mbio. Upepo alisimama chini, kucha zikimchoma viganjani. Mawe madogo yalichomoka chini ya viatu vya Sindano, yakaanguka yakigonga mwamba.

"Upepo!" Sindano aliita, sauti ikiwa nyembamba kuliko yeye. "Bado upo?"

"Nipo! Siondoki. Kocha anakaribia. Tazama jiwe lililo mbele ya pua yako. Niambie lina rangi gani."

"La... la kijivu. Lina chungu mmoja. Anapanda bila kamba, mjinga huyo."

Hatimaye kamba fupi ilishuka, na kulabu yenye kufuli ikining'inia mwishoni. Kocha alimwelekeza Sindano aifunge kiunoni, akamwambia arudie kuangalia, akamwambia tena. Kisha akamvuta taratibu hadi kileleni. Kichwa cha Sindano kilipotoweka juu ya ukingo, Upepo alikaa chini pale pale.

Waliporudi, Kocha hakugomba. Aliomba aonyeshwe sehemu iliyomwagikiwa. Akafunga ncha moja ya kamba kwenye mti, na nyingine kwenye mfuko waliojaza mawe, sehemu ile ikiwa katikati. Akausukuma mfuko ukaanguka kutoka kwenye ukingo mdogo. Kamba ikakatika kwa mlio mdogo tu, kama uzi wa cherehani.

Sindano aliutazama mfuko uliopasuka. Kisha akamgeukia Upepo, machozi yamemjaa.

"Ungeniacha nianguke?"

"Nilikuacha," Upepo alisema. "Nilikuacha mpaka pale juu. Nisamehe."

Sindano alikwenda kukaa peke yake, na mwalimu wa michezo akamfuata, akamtandikia koti lake juu ya nyasi zenye unyevu.

Kocha alikuwa anakata kamba vipande vipande ili asiwepo mtu wa kuiokota na kuitumia. "Jumamosi ijayo hatushindani," alisema. "Tutakwenda kuwagawia maji wanaoshindana. Nitaanza kutafuta kamba nyingine kwenye klabu za wenzetu. Na wewe, leo tunarudi pamoja hadi kwa mjomba wako, umweleze mwenyewe mbele yangu. Mtu anayefanya kazi na maji hayo ana haki ya kujua yalimwagika."

"Unanifukuza, Kocha?"

Kocha akaweka kisu chini, akaketi karibu naye. "Kumwaga ni bahati mbaya. Kuweka mahali ulipokatazwa ni uzembe, na mzembe hufundishwa. Kilichotaka kumuua mwenzako ni lile jibu. Miezi mitatu hutapanda. Utashika vifaa na kujifunza kuvikagua. Ukija kila Jumamosi, tutazungumza."

"Nilikuwa naogopa, Kocha. Wiki nzima."

"Najua. Na ulipopiga kelele, uliacha kuogopa?"

Upepo akafikiri. "Hapana. Niliogopa zaidi."

"Basi usingoje woga uishe ndipo useme kweli, utangoja mpaka mtu aanguke. Woga ulikuwa nao mara zote mbili. Mara ya kwanza ulijiogopea wewe, ukadanganya. Mara ya pili ulimwogopea mwenzako, ukasema. Ukiogopa tena, na utaogopa, jiulize kwanza unamwogopea nani."

Walikusanya vifaa. Njiani Redio alibeba mfuko wa Upepo bila kuombwa. Walipofika barabarani, Sindano, aliyekuwa ametangulia mbele kabisa, alipunguza mwendo. Hakugeuka. Alingoja tu mpaka Upepo alipomfikia, kisha wakaendelea kutembea bega kwa bega.