Mikono ya Protus

Mimi ndiye fundi wa kudaka mpira Al-Sulay nzima, na hakuna niliyemfundisha akajuta. Hivyo ndivyo nilivyojitapa Ijumaa ile, nyuma ya ghala letu hapa Riyadh.

Tulikuwa tukicheza kriketi na Wapakistani wa ghala la jirani. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe. Protus, dereva wa lori letu, alikuwa akiudaka huku akirudisha mikono nyuma.

"We Protus," nikamcheka, "unadaka mpira ama unapokea mtoto mchanga? Kaza mikono, bro!"

Watu wakacheka. Protus akaona haya. Mwenzetu Reuben akaupiga mpira uliofuata kwa nguvu. Protus akakaza mikono. Tukasikia kah!

Mifupa miwili ya kiganja ilivunjika. Alipasuliwa, kidonda kikapona, lakini vidole vikakataa kushika usukani. Kafili, mwajiri wetu, akasema, "Halas," yaani kazi imekwisha. Protus akafunga sanduku.

Siku ya kumuaga alikuja Dominic, nesi kutoka Kisii. Akatupatia shuka, mimi na Reuben.

"Lishikeni, lilegee."

Akalirushia yai kwa nguvu zake zote. Halikupasuka. La pili akalirusha ukutani. Likamwagika lote.

"Uzito uleule, mwendo uleule," Dominic akasema. "Ukuta umelisimamisha yai ghafla, likagongwa vibaya. Shuka limerudi nyuma nalo. Limechukua muda kulisimamisha, kwa hiyo nguvu ya kuligonga imepungua."

"Kumbe mikono ikirudi nyuma inakuwa shuka?" Reuben akauliza.

"Ndiyo. Na mnajua! Mkirushiana katoni za maji kutoka kwenye lori, nani hukaza mikono?"

Hakuna. Sote hurudi nyuma na katoni. Protus aliutazama mkono wake.

Siku hizi tunadaka tukirudisha mikono. Mwaka mzima hajaumia mtu. Ijumaa iliyopita nilikuwa nikimfundisha Noah, mgeni wetu.

"Protus alikuwa mkaidi," nikamwambia. "Nilimwonya asikaze mikono."

Reuben akaweka chini gongo lake la kupigia mpira.

"Gilbert, mimi ndiye niliyeupiga mpira ule. Nilikusikia. Ni wewe uliyemwambia akaze. Protus alinikataza nisikulaumu, eti utaishije hapa na mzigo huo."

Noah hakuniangalia usoni. Alikuwa akiitazama mikono yangu, yote miwili mizima.